NYUMBA INAYOTEMBEA: PIMA KABLA YA KUONDOKA



Leo tunajifunza habari za watu wa Marekani wanaosafiri pamoja na nyumba zao. Msishangae. Nyumba hizo zina magurudumu. Mtu analala humo, anapika humo, anaoga humo, na asubuhi anaondoka nayo kwenda mji mwingine.

Mtu atauliza: "Sasa hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi wakulima?" Swali zuri. Yanatuhusu kwa sababu moja. Mtu aishiye katika nyumba ya magurudumu hawezi kubahatisha. Lazima apime upepo wa matairi, apime mzigo, apime maji, na akague gesi. Asipopima anaweza kupoteza maisha, yeye na watu wake. Na sisi tunayo matairi, tunayo mizigo, tunayo maji na majiko. Basi tusome pamoja.

NYUMBA HIZO ZIKOJE?

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni gari-nyumba. Hapo injini na nyumba ni kitu kimoja, kama basi lililowekwa vitanda badala ya viti. Ya pili ni tela-nyumba. Hiyo haina injini. Inavutwa na gari, kama trekta linavyovuta tela la mazao.

Ndani mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, tangi la maji na betri za umeme. Nyingi zinaundwa katika eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Mwaka 2021 chama cha waundaji kilieleza kwamba familia zaidi ya milioni 11 za Marekani zinazo nyumba za namna hiyo.

Wengi huzitumia wakati wa likizo tu. Lakini wapo wanaoishi humo mwaka mzima. Hawa nao si wa namna moja.

Wapo wazee waliostaafu. Kaskazini mwa Marekani na Kanada baridi ni kali sana, maji yanaganda na theluji inafunika nchi. Basi wazee hao wanahamia kusini kwenye jua, mahali kama Quartzsite katika jangwa la Arizona. Joto likirudi kwao, nao wanarudi. Mfugaji anahama kufuata malisho. Mzee huyu anahama kukimbia baridi.

Wapo pia wanaofuata vibarua. Kwa mfano, katika bonde la mto Red, majimbo ya North Dakota na Minnesota, wakulima wanalima viazisukari vya kutengenezea sukari. Mavuno makubwa huanza yapata tarehe 1 Oktoba. Lazima yaishe upesi kabla ardhi haijaganda. Watu wanafika na nyumba zao, wanafanya kazi zamu za saa 12, usiku na mchana, kwa muda wa kama wiki mbili. Kazi ikiisha wanaondoka. Baadhi yao ni wazee ambao pensheni haiwatoshi kulipa kodi ya nyumba ya kawaida. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila mwenye gari-nyumba ni tajiri anayejistarehesha.

MSAFARA ULIOPITA AFRIKA

Nyumba hizo ziliwahi kupita katika bara letu. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja jina lake Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa tela-nyumba 41 kutoka Cape Town, Afrika Kusini. Walikuwa wanakwenda Cairo, Misri. Walipita Rhodesia, Kongo, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan. Walifika Cairo mwaka 1960.

Wakati ule nchi nyingi walizopita zilikuwa bado chini ya wakoloni. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi, na mvua ikinyesha zinakuwa tope. Vyombo viliharibika njiani. Basi wakawa wanasimama, wanatengeneza, wanaendelea. Safari yao ilikuwa nusu kutembea na nusu kutengeneza. Hadi leo maisha ya nyumba inayotembea yako hivyo hivyo. Ukitaka kwenda mbali, jifunze kukagua.

SOMA TAIRI LAKO

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Je, umewahi kusoma tairi?

Kwenye ubavu wa tairi la gari pameandikwa herufi na namba nyingi. Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo pana namba nne. Namba hizo zinaonyesha tairi liliundwa lini. Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 3521, maana yake tairi liliundwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Ukikuta namba nne hizo hazipo upande mmoja, chungulia upande wa pili.

Kwa nini hili ni muhimu? Tela-nyumba linaweza kusimama miezi mingi bila kutembea. Meno ya tairi hayaliki. Ukilitazama unasema, "Tairi bado jipya hili!" Kumbe mpira umezeeka kwa jua. Unapasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni. Siku ya safari, kwenye joto na mzigo, linapasuka. Waundaji wengi wa matairi wanashauri hivi: tairi likipita miaka 5 lipelekwe kwa fundi kukaguliwa kila mwaka. Likifika miaka 10 litolewe, hata kama meno bado yapo.

Kwa hiyo ukienda kununua tairi la mtumba la gari au la tela, usitazame meno peke yake. Soma namba. Muuzaji anaweza kulipaka tairi rangi nyeusi likang'aa, lakini mwaka ulioandikwa utakuambia ukweli.

Upepo nao unapimwa kwa geji, si kwa kupiga teke. Na unapimwa asubuhi, tairi likiwa la baridi. Likishatembea linapata moto, upepo unatanuka, na geji inaonyesha zaidi ya kiasi cha kweli. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana linapozunguka. Linapata moto, na mwisho linapasuka.

MZIGO UKAE WAPI?

Wenye tela-nyumba wana kanuni moja kubwa. Uzito unaokaa kwenye kiungo, yaani pale tela linapofungwa kwenye gari, uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela.

Tufanye hesabu. Tela lina kilo 2,000. Asilimia 10 ni kilo 200. Asilimia 15 ni kilo 300. Kwa hiyo kiungo kibebe kati ya kilo 200 na 300.

Mzigo ukizidi nyuma, kiungo kinakuwa chepesi. Hapo tela linaanza kuyumba huku na huku, kama mkia wa mbwa. Likishika kasi linaweza kulivuta gari likapinduka nalo. Mzigo ukizidi mbele, unalemea gari nyuma, na usukani unakuwa mwepesi mno.

Mwenye mkokoteni wa ng'ombe analijua jambo hili. Ukijaza magunia nyuma, mti wa mkokoteni unanyanyuka na nira inawakaba ng'ombe shingoni. Ukijaza mbele, unawaelemea. Magunia mazito yakae chini, karibu na ekseli, na kidogo kuelekea mbele. Kanuni ni hiyo hiyo, Marekani na kijijini kwetu.

KUSIMAMA KWA MATENGENEZO

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mume na mke wanasafiri na tela-nyumba katika barabara kubwa namba 40, inayopita jimbo la Texas. Wanasimama kupumzika. Mume anazunguka tela, anasogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yana joto la kawaida. La nne lina moto mkali. Hiyo ni dalili kwamba beringi inakufa au breki inakwama.

Dereva mzembe atasema, "Tutafika tu." Lakini wapi! Beringi ikifa kabisa gurudumu linaweza kuchomoka na kuwaua watu wengine barabarani. Basi hawa wanasimama mji wa karibu, Amarillo. Wanamwita fundi. Huko wako mafundi wanaozunguka na gari lenye vifaa, wanakufuata pale ulipo. Fundi anafungua, anakuta grisi imekauka na beringi imekwanguka. Kipuri hakipo. Lazima kiagizwe. Watasubiri siku tatu.

Jambo hili lingeweza kuzuiwa. Beringi za tela hufunguliwa, zikasafishwa na kutiwa grisi mpya kila mwaka, au kila baada ya kilomita kama 16,000 hadi 19,000. Grisi ni bei ndogo. Beringi, fundi na siku tatu za kungoja ni bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo jingine: gurudumu likishafunguliwa na kufungwa, nati zikazwe tena baada ya kutembea kilomita chache, na tena zikifika kilomita kama 80. Nati hulegea mwanzoni.

SIKU ZA KUNGOJA: KORONGO LA PALO DURO

Wasafiri hawa hawakai bure wakinung'unika. Tela liko kwa fundi, gari wanalo. Yapata kilomita 40 kutoka Amarillo kuna bonde kubwa linaloitwa Palo Duro. Wanakwenda kulitazama.

Nchi ya Amarillo ni tambarare kama meza. Unatembea, unatembea, ghafla ardhi inafunguka mbele yako. Korongo hilo lina urefu wa kilomita kama 190, na kina chake mahali pengine ni mita 240. Kuta zake zina matabaka ya udongo mwekundu, njano na mweupe. Limechimbwa na maji ya mto kwa muda mrefu sana. Mto wenyewe ukiutazama wakati wa kiangazi ni mdogo tu. Hapo utaona nguvu ya mmomonyoko. Maji kidogo, yakipita mahali pamoja siku zote, yanahamisha mlima. Mwenye shamba la mteremko asiye na matuta alifikirie hilo.

Korongo hilo lina historia ya kusikitisha. Zamani lilikuwa kimbilio la wenyeji wa Amerika, yaani makabila ya Comanche, Kiowa na Cheyenne. Mwezi Septemba 1874 jeshi la Marekani liliwashambulia humo. Wananchi wengi waliponyoka. Lakini askari waliteka farasi wao, na wakaua farasi zaidi ya 1,000. Bila farasi hawakuweza kuwinda wala kuhama. Bila chakula na wanyama, walilazimika kwenda kukaa katika maeneo waliyotengewa na serikali. Leo sehemu ya korongo ni hifadhi ya jimbo, iliyofunguliwa mwaka 1934. Anayekwenda kutazama uzuri wa nchi ajue pia ilikuwa ya nani.

Humo mna njia za miguu. Moja inakwenda kwenye nguzo ya mwamba iitwayo Lighthouse, karibu kilomita 10 kwenda na kurudi. Njia si ndefu kwa mtu wa kijijini. Ila wakati wa kiangazi joto linapita digrii 38, na kivuli ni haba. Kwa hiyo wasafiri wanaanza alfajiri, wanavaa kofia, na kila mtu anabeba maji yake. Maji yakifika nusu, wanageuza.

Mvua ikinyesha juu, maji yanashuka korongoni kwa ghafla na kufunika vivuko. Wamarekani wanafundishana vipimo hivi, nasi tuvishike:

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima.
Sentimita 30 yanaweza kuchukua gari dogo.
Sentimita 60 yanaweza kuchukua hata gari kubwa.

Sentimita 15 ni chini ya urefu wa kalamu mpya ya risasi. Basi mtu asiseme, "Haya ni maji ya magotini tu."

Wakishatengenezewa tela wanaweza kuendelea hadi Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1872. Huko kuna nyati wa Amerika na dubu. Sheria inasema usimkaribie nyati kwa chini ya mita 23, wala dubu kwa chini ya mita 91. Mita 91 inakaribia urefu wa uwanja wa mpira. Huko nako kipimo ndicho kinachomlinda mtu.

HEWA ISIYOONEKANA

Sasa tumefika kwenye sehemu kubwa ya somo hili. Tafadhali isome na wale wasiojua kusoma nyumbani kwako.

Nyumba ya magurudumu ni ndogo na inafungwa sana. Ndani yake mna jiko, na nje mna injini. Moto wowote unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Mtu anaivuta bila kujua. Kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mwili unalegea. Aliyelala hasikii lolote. Anaweza kufa usingizini.

Kwa sababu hiyo magari-nyumba ya huko yana king'ora kinacholia hewa hiyo ikiingia. Na wasafiri wanaonywa wasiwashe jiko la kupikia ili kupata joto la kulala.

Kwetu ving'ora hivyo ni vichache, lakini hatari ni ile ile. Katika nchi za baridi kama Njombe, Makete na Lushoto, watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa kulala. Wanasema, "Mkaa umeshakolea, hautoi moshi." Ni kweli hautoi moshi. Lakini sumu inatoka. Moshi unauona na unakukohoza, kwa hiyo unakimbia. Sumu hii huioni, kwa hiyo unalala nayo.

Basi jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala. Mkiona watu wawili au watatu katika nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na jiko linawaka ndani, msingoje. Tokeni nje, fungueni milango, wapelekeni hospitali.

Gesi ya mtungi nayo ina kanuni zake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia chini sakafuni, kama maji. Wasafiri hufunga mtungi kabla ya kuondoka. Sisi wenye mitungi ya kilo 6 tufunge mtungi tukimaliza kupika. Ukitaka kujua kama mpira unavuja, paka povu la sabuni. Povu likivimba, gesi inatoka. Usipime kwa kiberiti kamwe! Ukisikia harufu ya gesi usiwashe moto wala taa. Fungua milango, funga mtungi, toka nje.

MAJI YA SAFARI

Tangi dogo la tela-nyumba linachukua lita kama 150. Hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20. Watu wawili wakikaa porini siku 5, kila mmoja ana lita 15 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Wanaoga kwa maji kidogo kidogo.

Maji machafu hayamwagwi ovyo. Ya choo yana tangi lake. Yanapelekwa mahali maalumu, na mtu anavaa glavu anapoyamwaga. Nchi kavu ile ikichafuliwa na watu maelfu, magonjwa yataenea. Nasi tusijenge choo karibu na kisima.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma mwaka wa tairi na pima upepo asubuhi.
2. Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli.
3. Gurudumu likipata moto kuliko mengine, simama.
4. Usivuke maji yaendayo kasi.
5. Usilale na jiko la mkaa chumbani.

MANENO

Asilimia: sehemu katika mia.
Beringi: chuma cha duara chenye gololi, kinachowezesha gurudumu kuzunguka.
Ekseli: chuma kinachoshika magurudumu ya kulia na kushoto.
Geji: chombo cha kupimia upepo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tairi lenye meno mazuri linaweza kuwa la hatari?
2. Katika kijiji chenu, ni nyumba ngapi zinaingiza jiko la mkaa chumbani? Mtafanya nini?
3. Wenye mikokoteni wanapaka grisi mara ngapi kwa mwaka? Fundi wa kijiji anasemaje?

HESABU

1. Tairi lina namba 1219. Liliundwa wiki gani na mwaka gani?
2. Tela lina kilo 1,200. Asilimia 10 ya uzito huo ni kilo ngapi?
3. Watu 3 wana lita 180 za maji kwa siku 4. Kila mtu atapata lita ngapi kwa siku?

Majibu: (1) wiki ya 12, mwaka 2019. (2) Kilo 120. (3) Lita 15.

Wasomaji, leo jioni kabla ya kulala fanyeni jambo moja tu: tazameni jiko liko wapi. Kesho mtasoma matairi.